Siku Tatu za Rehoboamu: Juu ya Kutua Kabla ya Kuamua

Waswahili wametuachia methali mbili zisizopatana. Ya kwanza tunaikariri tangu shule ya msingi: haraka haraka haina baraka. Ya pili tunaikumbuka pale tu tunapochoka kusubiri: ngoja ngoja huumiza matumbo. Kila kiongozi, awe paroko, gombera, katibu wa halmashauri ya walei au mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo, anaishi katikati ya methali hizo mbili, na mara nyingi huchagua ile inayofanana na tabia yake. Mwepesi wa hasira husema matumbo yanauma. Anayeogopa lawama husema anatafuta baraka.

Somo hili linahusu kutua kabla ya kuamua. Nimelichagua neno kutua kwa makusudi. Mtu aliyebeba mzigo kichwani akitua, hajaacha safari. Anaushusha mzigo, anakaza kamba zilizolegea, anapumua, anatazama njia iliyobaki, kisha anamwomba mwenzake amtwike tena. Anayengoja hutegemea mambo yajitokeze yenyewe. Anayetua ana kazi ya kufanya, na kama hakuifanya, muda wake umepotea bure hata kama alikaa mwezi mzima.

Tutasoma habari tatu za Agano la Kale, na kila moja ina siku tatu ndani yake. Ni vizuri uwe na Biblia mkononi.

Mkate wenye ukungu (Yos 9)

Yoshua alikuwa amepiga kambi Gilgali. Yeriko umeanguka, Ai umeanguka, na habari zimeenea nchi nzima. Watu wa Gibeoni, mji ambao haukuwa mbali, wakaona vita hawataiweza. Wakavaa nguo kuukuu na viatu vyenye viraka, wakawapakia punda magunia machakavu na viriba vya divai vilivyopasuka na kushonwa, wakachukua na mkate mkavu ulioota ukungu. Walipofika kambini wakasema wametoka nchi ya mbali na wanaomba agano.

Tusiwadharau haraka wazee wa Israeli. Waliuliza swali zuri, kwamba huenda watu hawa ni majirani zetu. Yoshua naye aliuliza wao ni nani na wametoka wapi. Wageni wakaonyesha mkate: siku tunaondoka ulikuwa wa moto, sasa utazameni. Viongozi wakapokea vyakula vile, na hapo mwandishi anatuambia kwa maneno machache kwamba hawakutafuta shauri kwa Bwana (Yos 9:14). Agano likafungwa na kiapo kikaapwa. Siku tatu baadaye wakagundua kwamba wale watu wanakaa karibu nao kabisa.

Siku tatu tu. Kama wangewapa wageni mahali pa kulala, wakatuma vijana wawili kufuata njia waliyojia, ukweli ungewakuta kabla ya kiapo.

Kuna jambo moja hapa ambalo wasomaji wengi hulipita. Ukungu ulikuwa ukungu wa kweli. Viatu vilikuwa vimechakaa kweli. Ushahidi wote uliowekwa mezani ulikuwa halisi. Maelezo yaliyofungwa juu yake ndiyo yalikuwa ya uongo. Siku hizi mkate wenye ukungu hutufikia kwa simu: picha ya ujumbe wa mtu, risiti yenye sahihi, sauti iliyorekodiwa ikakatwa katikati. Kiongozi anaangalia, anaona kwa macho yake, na anadhani kuona ni kuelewa. Kuuliza “hiki ni nini?” huchukua dakika moja. Kuuliza “hiki kimefikaje hapa, na nani angekieleza kwa namna nyingine?” huchukua siku mbili au tatu.

Kiapo kile hakikufutika. Taifa lote liliwanung'unikia viongozi wake, lakini viongozi walikuwa wamekwisha kuapa kwa jina la Bwana. Karne kadhaa baadaye Sauli alikivunja kwa kuwaua Wagibeoni, na katika siku za Daudi nchi ikapata njaa ya miaka mitatu kwa sababu hiyo (2Sam 21:1). Uamuzi wa mchana mmoja ulidaiwa na watu ambao hawakuwa wamezaliwa ulipofanyika.

Mfalme aliyetua vibaya (1Fal 12)

Habari ya Rehoboamu inasomwa mara nyingi kama mfano wa mtu aliyekurupuka. Sivyo ilivyoandikwa. Rehoboamu alitua, tena vizuri kwa kumtazama kwa nje.

Solomoni amefariki. Israeli yote imekusanyika Shekemu kumtawaza mwanawe, na Yeroboamu amerudi kutoka Misri alikokimbilia. Watu wana ombi moja: baba yako alitutwisha kongwa zito, tupunguzie, nasi tutakutumikia. Ombi hilo halikuwa la uvivu. Ukirudi nyuma kwenye 1Fal 5 utakuta Solomoni alivyotoza watu shokoa: wanaume 30,000 walipelekwa Lebanoni kwa zamu, 10,000 kila mwezi, wakikaa mwezi mmoja kazini na miezi miwili nyumbani. Juu yao alikuwepo Adoniramu. Hesabu mwenyewe mashamba mangapi yalibaki bila mwanaume msimu wa kulima.

Mfalme akawajibu waende, warudi baada ya siku tatu. Nampongeza kwa hilo. Hakujibu papo hapo mbele ya umati, na alitaja siku. Wengi wetu husema “nitalifikiria”, na neno hilo parokiani maana yake inajulikana.

Akaenda kwa wazee waliomtumikia baba yake. Wakamshauri awajibu watu kwa maneno mema na kuwa mtumishi wao leo, nao watakuwa wake siku zote. Soma polepole aya ya 8: aliliacha shauri la wazee, ndipo akaenda kutafuta shauri kwa vijana waliokua pamoja naye. Hakusikiliza pande zote mbili kisha akapima. Alilitupa shauri la kwanza kabla hajasikia la pili. Maana yake alikwenda kwa wale wengine akiwa anajua anachotaka kusikia.

Tazama pia nafsi anazotumia. Kwa wazee anauliza mwanishauri vipi ili *niwajibu* watu hawa. Kwa wenzake anauliza *tuwajibu* nini. Kwa wazee alikuwa “mimi”. Kwa rafiki zake alikuwa tayari “sisi”. Silabi moja inatuonyesha moyo ulikokuwa umelala. Ukitaka kujua kama unatafuta shauri au unatafuta watu wa kukushika mkono, sikiliza unavyouliza.

Na hao vijana hawakuwa vijana sana. Rehoboamu alianza kutawala akiwa na miaka 41 (1Fal 14:21), na hao walikua pamoja naye. Kwa hiyo mhubiri anayetumia sura hii kuwakaripia vijana wa kwaya awe mwangalifu. Tatizo la Shekemu halikuwa umri. Tatizo lilikuwa kwamba washauri hao walikua katika jumba la mfalme, na kongwa hawakuwahi kulibeba. Walioelewa kongwa walikuwa wamesimama nje, na katika siku zote tatu hatusomi kwamba mfalme aliwatembelea hata mara moja.

Kitu kingine hatukisomi. Hatusomi kwamba alisali. Baba yake, alipoanza kutawala akiwa bado kijana, alikwenda Gibeoni (ndiyo, mji ule ule) akamwomba Mungu moyo wa kusikia ili aweze kuhukumu watu (1Fal 3). Kwa Rehoboamu siku tatu zilijaa mazungumzo, lakini hakukuwa na kimya ndani yake.

Siku ya tatu akajibu kwa ukali: baba yangu aliwapiga kwa mijeledi, mimi nitawapiga kwa nge. Makabila kumi yakaondoka. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo linashangaza: akamtuma Adoramu, msimamizi wa shokoa, kwenda kuwatuliza watu. Wakampiga mawe akafa, na mfalme akapanda gari lake mbio kurudi Yerusalemu.

Frateri makini atauliza: si imeandikwa kwamba jambo hili lilitoka kwa Bwana, ili litimie neno la nabii Ahiya (1Fal 12:15)? Imeandikwa. Mungu anaweza kupitisha mpango wake hata katika ukaidi wa mtu. Lakini hakuna nabii aliyemwambia Rehoboamu ajibu hivyo, na damu ya Adoramu ilimwagika kwa sababu ya jibu lililochaguliwa kwa hiari.

Malkia aliyetua vizuri (Est 4)

Esta naye alikuwa na siku tatu. Amri ya kuwaangamiza Wayahudi ilikuwa imekwisha kutoka, imepigwa muhuri wa mfalme. Jibu la kwanza la Esta kwa Mordekai lilikuwa la woga: anayeingia kwa mfalme bila kuitwa hukumu yake ni kufa, nami sijaitwa siku 30 sasa. Kama angefuata moyo wake wa saa ile, asingekwenda.

Angalia alichofanya. Alimtuma Hathaki kwa Mordekai ili ajue habari yenyewe na chanzo chake, akaletewa nakala ya amri. Alikubali kuambiwa ukweli usiopendeza. Kisha akaomba Wayahudi wote wa Shushani wafunge kwa ajili yake siku tatu, usiku na mchana, naye akafunga pamoja na wajakazi wake. Katika Biblia zetu za Kikatoliki, sehemu zilizotoka katika maandishi ya Kigiriki zinatupa pia sala yake ndefu, sala ya mtu anayetetemeka.

Siku ya tatu akavaa mavazi ya kimalkia akaingia. Woga haukuwa umemwisha. Sehemu hizo hizo za Kigiriki zinasema alizimia mbele ya mfalme. Basi tusidhani kwamba kutua kunaleta utulivu kila mara. Wakati mwingine unatua, unasali, unapata shauri, na bado magoti yanagongana unapokwenda kufanya lililo sawa.

Sheria ya Kanisa inavyotulazimisha

Wapo wanaoona mambo haya ni ya kiroho tu, yaani ni mazuri ukiyaweza na si kosa ukiyaacha. Sheria ya Kanisa haikubaliani nao. Kanuni ya 50 ya Mkusanyo wa Sheria wa mwaka 1983 inasema mwenye mamlaka, kabla ya kutoa amri inayomhusu mtu fulani, atafute taarifa na uthibitisho unaohitajika, na kadiri inavyowezekana awasikilize wale ambao haki zao zinaweza kuumizwa. Kanuni ya 51 inataka amri hiyo iandikwe, na kama ni uamuzi, itaje sababu zake walau kwa ufupi. Yeyote aliyewahi kuandika sababu za uamuzi aliofanya kwa hasira anajua kalamu inavyogoma.

Askofu hawezi kuanzisha parokia, kuifuta au kuibadilisha kwa kiasi kikubwa bila kulisikiliza baraza la mapadre (kanuni ya 515). Hata makardinali wakiwa katika konklavu wanasimamishwa. Katiba ya kitume ya Mtakatifu Yohane Paulo II ya mwaka 1996 kuhusu uchaguzi wa Papa inaagiza kwamba kama siku tatu za kupiga kura zimepita bila kupatikana Papa, kura zisimame kwa muda usiozidi siku moja, kwa ajili ya sala, mazungumzo huru kati ya wapiga kura na mawaidha mafupi ya kiroho. Siku tatu tena! Watu waliofungiwa ndani wakisubiriwa na dunia nzima wanaambiwa: tueni.

Tarehe 3 Oktoba 2018, akifungua Sinodi ya Maaskofu kuhusu vijana, Papa Fransisko aliomba kwamba kila baada ya wazungumzaji watano kuwe na kimya cha dakika kama tatu, ili kila mmoja asikilize yale yaliyogusa moyo wake katika aliyoyasikia. Nadhani hakuna kikao cha halmashauri ya parokia kisichoweza kufanya hivyo. Dakika tatu kimya zinaonekana ndefu sana mara ya kwanza. Kuna atakayekohoa, kuna atakayeangalia simu. Mara ya nne utakuta mzee aliyekuwa hajasema kitu anainua mkono.

Roma, Kwaresima ya mwaka 1539

Mafrateri mara nyingi hujitetea kwamba kutafakari kunahitaji mafungo, na mafungo yanahitaji muda ambao paroko hana. Hapo Mtakatifu Inyasi wa Loyola na wenzake wa kwanza wanatusaidia. Mwaka 1539 walikuwa Roma, na Papa alikuwa ameanza kuwatuma sehemu mbalimbali. Iliwabidi waamue kama wabaki wameungana kama kundi moja, na kama waweke nadhiri ya utii kwa mmoja wao. Uamuzi mzito kuliko huo kwao haukuwepo.

Walifikiria kwenda mahali pa upweke kwa siku 30 au 40, wakakataa. Waliona watu wangesema wamekimbia, na kazi za kuhubiri na kuungamisha zingesimama. Basi wakabaki mjini na kazi zao. Mchana walihudumu, walisali na kutafakari kila mmoja peke yake, na usiku walikutana. Siku moja kila mtu alitakiwa kuleta sababu za kukataa nadhiri ya utii, pamoja na mtu ambaye moyoni aliitaka. Siku ya pili kila mtu alileta sababu za kuikubali, pamoja na aliyekuwa na mashaka. Kwa namna hiyo hakukuwa na kambi mbili. Hakuna aliyejulikana kama “mpinzani”, maana kila mmoja alipinga siku ya kupinga na kila mmoja alitetea siku ya kutetea. Walianza wakati wa Kwaresima na kumaliza mazungumzo yao yote kufikia tarehe 24 Juni, sikukuu ya kuzaliwa kwa Yohane Mbatizaji.

Linganisha na vikao vyetu, ambapo mwenyekiti anaanza kwa kusema anachotaka, na kila anayesema baada yake anapimwa kama yuko upande wake au la.

Inyasi huyo huyo, katika kitabu chake cha Mazoezi ya Kiroho, anatoa kanuni ambayo mimi ningeibandika juu ya meza ya kila kiongozi: wakati wa ukavu na giza la moyo, usibadili uamuzi ulioufanya ulipokuwa na amani. Haimaanishi kwamba ukiwa na huzuni usifanye lolote. Anashauri kuongeza sala na kujichunguza zaidi. Lakini barua ya kujiuzulu, ya kumfukuza mtu au ya kufunga kikundi isiandikwe usiku wa siku uliyotukanwa. Anashauri pia kumfikiria mtu usiyemjua kabisa aliyekuja kwako na shida hii hii: ungemwambia afanye nini? Inashangaza jinsi tunavyokuwa na hekima kwa mtu tusiyemjua.

Jumamosi jioni, kesho ni kigangoni

Tuchukue mfano wa kutunga, ambao wengi watauona unafanana na wanaoujua. Paroko ana miezi mitatu parokiani. Jumamosi saa kumi na mbili jioni wajumbe wawili wa halmashauri wanamfuata ofisini. Katekista wa kigango fulani, wanasema, amekula fedha za mabati, shilingi 640,000. Wanalo daftari, na kiasi hicho kweli hakionekani. Waumini wamekasirika. Kesho paroko atakuwa na Misa huko huko, na wajumbe wanamwomba atamke neno wakati wa matangazo, la sivyo “watu watavunjika moyo”.

Kilicho hatarini ni nini? Fedha ipo, lakini si hiyo tu. Lipo jina la mtu aliyefundisha ubatizo na komunyo ya kwanza kwa miaka mingi, pamoja na mke wake na watoto wanaosoma shule ya kijiji hicho hicho. Kanuni ya 220 inakataza kuharibu isivyo halali jina jema la mtu. Neno likitamkwa altareni halirudishwi. Unaweza kuomba radhi Jumapili inayofuata, na nusu ya waliosikia la kwanza hawatakuwepo kusikia la pili.

Basi anatua. Kwanza anatenganisha kilichothibitika na kilichosemwa. Kilichothibitika ni kwamba daftari halionyeshi shilingi 640,000. Kwamba zimeliwa, na zimeliwa na huyu, hayo yamesemwa. Pili anajiuliza nani hajasikika, na jibu ni dhahiri: mwenyewe, mtunza hazina wa kigango, fundi, muuza mabati. Tatu, na hili ni gumu zaidi, anajiuliza ni nini kinamsukuma yeye. Ana miezi mitatu tu, anataka aonekane hana mchezo na fedha za waumini. Mtangulizi wake alisemwa kuwa mpole mno. Hamu hiyo si dhambi, lakini isiachiwe ishike usukani.

Kesho yake anaweza kutangaza kwamba taarifa ya mapato na matumizi ya ujenzi itasomwa katika vigango vyote baada ya wiki mbili. Vigango vyote, ili asinyooshewe mtu kidole. Jumatatu anamwita katekista peke yake, anamwuliza na kumsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza. Wakati huo huo anaagiza fedha za ujenzi kuanzia sasa zipokelewe na watu wawili na kuwekwa benki, jambo ambalo lingepaswa kuwepo hata kama hakuna aliyeiba.

Huenda risiti ya mabati ipo nyumbani kwa fundi. Huenda fedha zimeliwa kweli, na katekista ataondolewa. Katika hali ya pili kutua hakukuwa bure, kwa sababu ataondolewa kwa yale aliyoyafanya, kwa maandishi, baada ya kusikilizwa, na hata ndugu zake watajua hakuonewa.

Kwa wenzetu walioko seminarini, mazoezi yanaanza na mambo madogo. Kiranja anayesoma neno la kumchokoza kwenye kundi la WhatsApp saa tano usiku aandike jibu lake, asilitume, alisome tena baada ya Masifu ya Asubuhi. Mara nyingi atalifuta. Kristo mwenyewe aliamka alfajiri mno akaenda mahali pasipo na watu kusali, na Simoni alipomfuata na habari kwamba wote wanamtafuta, hakurudi kwa umati. Alisema twende vijiji vingine (Mk 1:35-38). Uamuzi huo haukuwapendeza watu wa Kafarnaumu. Ulitoka katika sala ya alfajiri, wala haukutoka katika wingi wa waliokuwa wakimwita.

Mahali ambapo hakuna kutua

Lazima tuseme na hili, maana lugha ya kutafakari imewahi kutumiwa kuficha uovu. Mtoto akiwa hatarini, au kukiwa na sababu ya msingi ya kuamini kwamba amedhulumiwa kijinsia, kiongozi hana siku tatu. Sheria ya Papa Fransisko iitwayo Vos estis lux mundi, ya mwaka 2019 na iliyorekebishwa mwaka 2023, inawataka mapadre, mashemasi na watawa kutoa taarifa bila kuchelewa kwa mamlaka husika ya Kanisa, na haiondoi wajibu uliowekwa na sheria za nchi. Mtoto aondolewe kwenye hatari kwanza. Uchunguzi wa kina, kusikiliza pande zote na hukumu vitafuata kwa utaratibu wake, mikononi mwa wanaohusika. Paroko anayesema “tuliombee kwanza suala hili” katika hali hiyo hatui, anakimbia.

Kuna pia anayetua kila mara kwa sababu haamui kamwe. Halmashauri imekaa mara nne juu ya paa la kanisa, na mvua za masika zinaingia. Kwake yeye methali ya matumbo inamfaa. Alama ya kutua kwa kweli ni kwamba kuna tarehe, kama ile aliyoitaja Rehoboamu, na siku hiyo watu wanarudi na kupewa jibu.

Kama uamuzi umekwisha kutoka

Wapo watakaosoma somo hili wakiwa tayari wameamua vibaya. Kwao kuna aya chache ambazo hazihubiriwi sana, 1Fal 12:21-24. Rehoboamu alipofika Yerusalemu alikusanya askari 180,000 kutoka Yuda na Benyamini ili akaurudishe ufalme kwa vita. Neno la Mungu likamjia Shemaya, mtu wa Mungu, kwamba wasipande kupigana na ndugu zao. Mtu yule yule aliyeshindwa kusikia kwa siku tatu kule Shekemu, safari hii alisikia. Jeshi likarudi nyumbani. Makabila kumi hayakurudi, lakini vita vile havikupiganwa.

Sheria ya Kanisa nayo imeacha mlango huo. Kwa kanuni ya 1734, mtu aliyeumizwa na amri, kabla ya kukata rufaa kwa mkubwa zaidi, kwanza humwomba kwa maandishi yule yule aliyeitoa aifute au airekebishe, ndani ya siku kumi. Yaani mwenye amri anapewa nafasi ya kuisoma tena amri yake mwenyewe. Barua ya namna hiyo ikifika mezani kwako, usiisome kama uasi.

Kwa jumuiya zitakazotumia somo hili: msomaji mmoja asome 1Fal 12:1-24 kwa sauti. Asimame baada ya aya ya 5, mahali ambapo watu wameondoka na mfalme amebaki na siku zake tatu, na wote wakae kimya dakika tatu. Kisha kila mmoja aseme, kama angekuwa Rehoboamu, angekwenda kwa nani kwanza, na ni nani katika parokia yetu anayebeba kongwa bila kuulizwa.